Gari lililolala muda mrefu haliwaki: tazama plagi kabla ya kununua pampu

Ndugu yangu, umeeleza kwamba IST yako ilibaki Mbezi tangu ulipohamia Dodoma mwaka jana, kwamba kwa betri mpya stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, na kwamba fundi anakutaka ununue pampu ya mafuta. Nakuomba usinunue chochote kwanza, kwa sababu bado hakuna kilichopimwa.

Kwa kuwa stata inazunguka vizuri, betri na vichwa vyake tuviache. Kilichobaki ni mafuta au moto wa plagi, na plagi yenyewe itakuambia ni kipi. Piga stata kwa sekunde kumi hivi, kisha fungua plagi moja uitazame papo hapo. Ikitoka imelowa, petroli inafika, kwa hiyo chunguza koili (inayoipa plagi moto) na nyaya zake, na unuse petroli ya tangini: ikinuka kama vanishi imeshachakaa na imepoteza ile sehemu nyepesi inayowasha injini baridi. Inyonywe yote, nje, mbali na jiko na sigara. Plagi ikitoka kavu, petroli haifiki.

Gari langu lilipolala Kigamboni lilirudi na dalili hizihizi, na plagi zilikuwa kavu kabisa. Niliegemeza sikio kwenye kiti cha nyuma, ambacho pampu iko chini yake, huku kijana akipiga stata (Toyota nyingi za umri huo haziendeshi pampu kwa kufungua swichi tu, hadi injini izunguke) na sikusikia mngurumo wowote. Hapo ndipo pampu nyingi nzima huhukumiwa. Tuliinua kiti, tukachomoa soketi ya pampu na kuunganisha taa ya kupimia, na stata ilipopigwa tena taa haikuwaka. Maana yake pampu ilikuwa haipati umeme, na hata ingekuwa mpya isingefanya kazi. Fyuzi ilikuwa nzima, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha pampu) pia, basi tukafuata nyaya chini ya kapeti mpaka karibu na mlango wa nyuma, tukakuta panya ametafuna ganda la waya mmoja, na shaba iliyobaki wazi imegeuka unga wa kijani kwa hewa ya chumvi. Fundi umeme alikata kipande kile, akaunga waya mpya kwa risasi na kuufunika vizuri, na gari likawaka kwa pampu ileile.

Kwako, taa ikiwaka na pampu ikabaki kimya, hapo fundi wako atakuwa na hoja, kwani petroli iliyochakaa huacha utomvu unaoweza kuigandisha. Nunua, lakini tangi lioshwe na chujio libadilishwe siku hiyohiyo, la sivyo pampu mpya itavuta uchafu uleule.