Besi za mtindo wa zamani: nyuzi, shingo, na ile "original ya 1962"

Karibu maswali yote yaliyotufikia safari hii yanahusu Precision na Jazz, magitaa mawili ya besi ya kampuni ya Fender yaliyoanzia Fullerton, California, moja mwaka 1951 na nyingine 1960, pamoja na nakala zake zinazotengenezwa leo. Tukisema "kizingiti" tuna maana ya kile kipande cha mfupa au plastiki kichwani ambacho nyuzi hupita juu yake kabla ya kufika kwenye vigingi. "Daraja" ni kipande cha chuma mwilini kinachoshika ncha nyingine ya nyuzi, na "freti" ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo.

Nina Precision mpya ya bei nafuu. Nataka mlio mzito na mfupi, kama wa rekodi za Motown, ile kampuni ya muziki wa soul ya Marekani, za miaka ya 60. Ninunue pikapu gani?

Usinunue pikapu kwanza. (Tunazungumzia ile ya sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi, si ya kubebea mchanga.) Anza na nyuzi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, alitumia Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa nzito za La Bella. Nyuzi hizo huviringwa kwa utepe laini badala ya waya wa duara. Alizibadilisha kwa nadra sana, na chini ya kifuniko cha daraja palikuwa na sponji. Alikwanyua kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Mlio unaoutafuta umo humo kabla hujagusa nyaya za ndani.

Seti ya nyuzi yenye jina lake ina unene wa .052 hadi .110 ya inchi na inavuta shingo sana. Kwa besi mpya, seti bapa ya .045 hadi .105 inatosha. Vuta uzi upite kigingi chake kwa sentimita 10 hivi, ukunje pembe mraba, ndipo ukate. Ukikata bila kukunja, utepe unaweza kulegea ndani na uzi ukafa mlio siku hiyohiyo.

Sponji: kata kipande cha urefu wa sentimita 7 na upana wa 2, kisha ukichomeke chini ya nyuzi mbele kabisa ya daraja. Pima nafasi kati ya mbao na nyuzi. Sponji iizidi kidogo tu. Noti ikizimika kama umegonga meza, punguza unene. Ikiendelea kuimba, ongeza. Kisha rudisha kitufe cha toni hadi karibu nusu.

Kuna jambo linalowakwaza wengi hapa. Nyuzi mpya zikiwa nene kuliko za awali, hukwama kwenye mifereji ya kizingiti, unasikia "tang!" unapokaza, na noti inaruka. Paka mifereji unga wa penseli. Ikiendelea, zungushia msasa laini kwenye kipande cha uzi wa zamani wenye unene unaokaribia wa uzi mpya, usugue taratibu. Panua kando tu, usiongeze kina, maana mfereji uliozama haurudi.

Nyuzi zinakwaruza freti. Fundi mmoja aliniambia niinue daraja, mwingine nikaze chuma cha shingoni (kile kinachopita ndani ya shingo kuizuia isipinde). Nimsikilize nani?

Kabla ya yeyote kati yao, sikiliza mkwaruzo wenyewe. Ukiwa freti ya 1 hadi ya 5 tu, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume. Ukiwa juu ya freti ya 12, daraja liko chini au shingo imepinda mno kwenda mbele. Ukiwa freti moja pekee, inayofuata imeinuka au imelegea, na hapo hakuna skrubu itakayokuponya.

Pima hivi. Tuni besi kawaida, bana freti ya kwanza kwa kapo (kibanio cha shingo), bonyeza uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya mwisho, kisha angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 8. Unatafuta milimita 0.3 hadi 0.35. Fila geji ya fundi magari, ileile ya kupimia valvu, inafaa kabisa. Nafasi ikizidi 0.5 shingo imepinda mbele. Uzi ukigusa freti, imenyooka kupita kiasi.

Shida ya besi za mtindo wa zamani ni kwamba skrubu ya chuma cha shingo iko upande wa mwili, chini ya ubao wa mapambo, na mara nyingi haifikiki bila kutoa shingo. Legeza nyuzi mpaka zilale, fungua skrubu nne za nyuma, toa shingo, zungusha robo mzunguko tu. Kuelekea saa kunakaza na kunyoosha; kinyume chake kunaruhusu shingo ipinde mbele. Rudisha, tuni, subiri saa chache, pima tena. Ndiyo, inachosha, na ndiyo sababu watu huzungusha mzunguko mzima kwa haraka, wakavunja chuma. Skrubu ikigoma, weka tone la mafuta uache hadi kesho. Ikigoma tena, mpelekee fundi wa gitaa. Chuma kikikatika ndani ya shingo, gharama yake huzidi bei ya besi nyingi za nakala.

Shingo ikikaa sawa ndipo uguse daraja. Kwa ubao wa vidole wenye mviringo wa inchi 7.25, ule wa Fender za zamani, anza na milimita 2.4 chini ya uzi wa E na 2 chini ya G, ule mwembamba kuliko wote, ukipima freti ya 17. Anayekwanyua kwa nguvu aongeze kidogo. Malizia na urefu wa uzi: linganisha noti ya kengele ya freti ya 12 (unagusa uzi kidogo bila kuubonyeza) na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha tandiko (kile kipande cha daraja ambacho uzi hukaa juu yake) nyuma. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Kwa hiyo mafundi wako wote wawili wangeweza kuwa sahihi, ila kwa mpangilio huo: shingo kwanza.

Kuna mtu nje ya nchi anauza Jazz "original ya 1962". Nitajuaje?

Kwanza, namba kwenye bamba la nyuma peke yake haithibitishi kitu: bamba linafunguliwa kwa skrubu nne na kuhamishwa kwa dakika mbili. Omba picha za sehemu tatu.

Mwisho wa shingo, ule unaoingia mwilini. Mwaka 1962 Fender walihama kutoka kuandika tarehe kwa penseli hadi kupiga muhuri wenye mwezi na mwaka. Kwenye muhuri, herufi ya mwisho ni upana wa kizingiti: A ni inchi 1½, B ni 1⅝, C ni 1¾. Jazz ya kawaida ni A. Ukiona C kwenye shingo inayoitwa ya Jazz, uliza maswali zaidi.

Mgongo wa potenshiometa, yaani kifaa kilicho chini ya vitufe vya voliumu na toni. Namba 304 ni Stackpole, 137 ni CTS. Tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki. 3046212 ni Stackpole ya wiki ya 12, 1962. Potenshiometa zilikaa ghalani, hivyo kuwa za mapema kuliko shingo ni kawaida. Zikiwa za baadaye, zimebadilishwa au hadithi ina tobo. Angalia pia kama risasi ya kulehemu imeguswa: ya kiwandani imefifia, mpya inang'aa.

Ubao wa vidole. Hadi katikati ya 1962 Fender walibandika kipande kinene cha rosewood (mbao ngumu ya kahawia) chenye chini bapa. Baada ya hapo kikawa chembamba na kimepindishwa kufuata shingo. Mstari huo unaonekana wazi mwisho wa shingo. Alama za duara za ubao wa vidole za wakati huo zina rangi ya udongo. Zenye kung'aa kama lulu zilianza mwishoni mwa 1964.

Rangi iliyopakwa upya haifanyi besi kuwa bandia, ila inashusha bei sana. Usilipe bei ya rangi ya awali. Jambo la mwisho ni sheria. Rosewood ya Brazil, ambayo mara nyingi ndiyo iliyotumika kwenye besi hizo, imo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992. Msamaha wa 2019 kwa ala zilizokamilika ulihusu miti mingine ya jamii yake, Dalbergia (mpingo wetu ukiwemo), si hiyo ya Brazil. Bila karatasi, besi yako inaweza kubaki forodhani.

Kapasita ya zamani ya toni (kifaa kinachokata sauti kali) ya mikrofaradi 0.1 inaleta mlio bora kuliko 0.047?

Toni ikiwa wazi kabisa, karibu huisikii tofauti. Ukifunga, ya 0.1 inatoa mlio mzito zaidi. Kinachosikika ni thamani, si umri wala rangi ya ganda, kwa hiyo usilipe bei ya mkufu kwa kitu ambacho fundi redio anakuuzia kwa bei ya chapati chache. Ijaribu kwanza kwa vibanio viwili vya mamba kabla ya kulehemu. Ukiwa humo ndani, pima pikapu kwa multimita: ya Precision husoma kilo-omu 10 hadi 11, za Jazz 7 hadi 8 kila moja. Isiposoma kitu, waya umekatika, mara nyingi pale unapoungwa na miguu ya pikapu.

Jazz yangu inavuma nikishusha voliumu moja. Pikapu imekufa?

Haijafa. Pikapu zake mbili zimezungushwa kinyume, hivyo zikiwa sawa zinafuta mvumo wa umeme. Ukishusha moja, ufutaji unapungua. Ikivuma hata zote zikiwa wazi, tafuta waya wa ardhi uliolegea chini ya daraja. Mvumo ukiongezeka unapogusa nyuzi, acha kupiga na ukague soketi ya ukutani kwanza.

Nitoboe mwili niweke betri na priampu (kikuza sauti cha ndani ya besi)?

Kwenye nakala mpya, ni mbao yako. Kwenye ya zamani, hapana. Kila badiliko liwe la kurudishwa, na sehemu ulizotoa zitie kwenye mfuko wenye jina, mnunuzi atazitaka.

Naishi Tanga. Nyuzi bapa zinashika kutu mwezi wa kwanza.

Jasho na chumvi ya bahari. Futa kila uzi, juu na chini, kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga. Weka pakiti za kukaushia unyevu ndani ya kasha, na usiitundike kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho masika. Skrubu ndogo za daraja ziwekee tone la mafuta ya cherehani kila miezi michache, la sivyo siku ya kupima utazikuta zimeshikana. Ule ujanja wa kuchemsha nyuzi uwaachie wa nyuzi za duara: unarudisha ung'avu, na wewe ulinunua nyuzi bapa ili uukimbie.

Nimepata amplifaya ya taa (ile yenye taa za kioo badala ya transista) ya Kimarekani ya miaka ya 60. Niichomeke?

Usiichomeke. Ni ya volti 120. Umeme wa Tanzania ni 230 na wa Kenya 240. Tumia transfoma ya kushusha yenye uwezo mara moja na nusu ya matumizi yaliyoandikwa nyuma, maana kwa hezi 50 transfoma ya ndani, iliyotengenezwa kwa hezi 60, itapata joto zaidi. Kama plagi ina meno mawili tu, fundi aweke waya wa tatu wa ardhi na kuondoa kapasita iliyounganisha umeme wa ukutani na bati la chasi. Kapasita hiyo ikiharibika, nyuzi zako zinakuwa na umeme, na ukigusa maikrofoni unapigwa. Wala usifungue mwenyewe eti kwa sababu umeichomoa. Kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti.