Ikiwa Kichocheo Hakimaliziki, kwa Nini Nikeli Huchoka?

SWALI: Nafundisha kemia kidato cha sita. Mwanafunzi wangu amesoma kuwa nikeli inayotumika kutengeneza haidrojeni kutokana na gesi asilia hubadilishwa baada ya miaka kadhaa, akaniuliza: kama kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, hakimaliziki katika mmenyuko huo, nikeli hiyo huenda wapi? Sikuweza kumridhisha. (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, ulichowafundisha ni sahihi, na mwanafunzi wako ana haki ya kuuliza. Nikeli haimaliziki, kinachopotea ni uso wake. Methani, ambayo ndiyo sehemu kuu ya gesi asilia, na mvuke wa maji hukutana juu ya chembe ndogo mno za nikeli zilizotawanywa katika vidonge vya alumina (oksidi ya alumini), ndani ya mabomba yanayopashwa moto kwa nje hadi gesi itoke ikiwa na nyuzi 800 hivi za Selsiasi, na ni atomu za juu ya chembe tu zinazoigusa gesi hiyo.

Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1455, lakini kuanzia nyuzi 590 hivi atomu zake huanza kuhama, na chembe zinazokutana huungana: uzito ni ule ule, uso umepungua. Salfa nayo, hata ikiwa kidogo sana katika gesi, hung'ang'ania atomu za juu na kuziba nafasi ya methani, ndiyo maana gesi hupitishwa kwanza kwenye oksidi ya zinki ili inaswe.

Linalostahili kuelezwa kwa kirefu darasani, kwa maoni yangu, ni kaboni. Mbali na mmenyuko unaouandika ubaoni, ule wa methani na mvuke, methani inaweza kuvunjika ikawa kaboni na haidrojeni. Kaboni hiyo hupenya ndani ya chembe ya nikeli, ikatokea upande wa pili kama uzi unaorefuka na kuiinua chembe kutoka mahali ilipokaa. Chembe iliyo kwenye ncha ya uzi bado inafanya kazi, lakini nyuzi hizo za kaboni zikizidi hupasua vidonge, vumbi huziba bomba na gesi hupita kwa shida. Kwa kuwa mmenyuko mkuu hufyonza joto, kilojuli 206 kwa kila moli ya methani, bomba lililokosa mmenyuko huo huwa moto kupita kiasi na linaweza kupasuka. Kwa sababu hiyo viwanda hutia molekuli karibu 3 za mvuke kwa kila atomu ya kaboni, ingawa mlinganyo unadai 1 tu, na pengine huongeza potasiamu, ambayo husaidia mvuke kuiondoa kaboni kabla haijajikusanya.

Kaboni iliyokwisha kujikusanya mara nyingi huweza kuondolewa kwa mvuke, ila vidonge vilivyopasuka havirudi kuwa vizima, wala chembe zilizoungana haziachani. Mwambie mwanafunzi wako kuwa vidonge vinapotolewa, sehemu kubwa ya nikeli imo bado, na hupelekwa kuyeyushwa ili metali hiyo ya thamani ipatikane tena.