Kuongeza jino kwenye meno bandia ya kuvua: je, inawezekana?

Swali: Ninavaa meno bandia ya kuvua ya taya la juu, yenye fremu ya chuma na meno manne. Kibano kimoja kimekatika, na jino langu la asili ambalo kilikuwa kikilishika limeoza kiasi cha kung'olewa. Je, ni lazima nitengenezewe mengine, au haya yanaweza kurekebishwa? Kibano naweza kukigandisha kwa supaglu?

Jibu: Supaglu iache kabisa. Haihimili mvutano wa kibano, na utando wake huizuia akriliki ya ukarabati (plastiki inayoshikilia meno bandia) kushika vizuri.

Kibano hicho hakihitaji hata kutengenezwa, kwa kuwa jino lake linaondoka. La kuchunguza ni iwapo jino linalofuata lina uimara wa kubeba kibano kipya. Likiwa limelegea kwa ugonjwa wa fizi, ukarabati utakuwa wa muda tu, na ni haki yako kuelezwa hivyo kabla hujagharamia.

Kazi yenyewe huanza kabla jino halijang'olewa. Ukiwa umeyavaa meno bandia, daktari huchukua kipimo, yaani chapa ya taya, kwa aljineti (uji mzito unaoganda mdomoni), na kipimo kinapotolewa meno hayo hutoka yakiwa yamenasa ndani yake; plasta ikishamiminwa humo, fundi sanifu wa meno hupata mfano wa taya wenye meno bandia yaliyokaa kama yanavyokaa mdomoni. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu fremu ikinyanyuka hata kidogo wakati wa kipimo, jino jipya litagongana na la chini kabla ya mengine kukutana. Fundi hulikata jino la plasta, huikwangua akriliki ya zamani ili ishikane na mpya, kisha huweka jino bandia pamoja na kibano cha waya ambacho mkia wake huzikwa ndani ya akriliki. Utakaa bila meno yako wakati yapo maabara, lakini unaweza kuyavaa siku ile ile ya kung'olewa jino.

Ugumu hujitokeza pale ambapo sehemu ya kuongezwa jino haina akriliki, bali chuma kitupu. Fundi hulazimika kuchomelea kipande cha wavu wa chuma, pengine kwa leza, ili akriliki ipate pa kushikilia. (Fremu ingekuwa ya nailoni ningesita zaidi, kwani akriliki haigandamani nayo.)

Vibano vilivyobaki usivikunje mwenyewe vikilegea: aloi ya kobalti na kromiamu iliyomiminwa, ambayo ndiyo chuma cha kawaida cha fremu hizi, haivumilii kukunjwa mara kwa mara, hukatika.

Ufizi na mfupa wa pengo jipya hupungua, hasa miezi ya mwanzo. Chakula kikianza kuingia chini ya jino lililoongezwa, au meno yakicheza unapotafuna, rudi kwa daktari ayajaze akriliki kwa ndani, upande unaogusa ufizi. Kwa kawaida hilo hufanyika kati ya miezi 3 na 6 baada ya kung'olewa.