Wasomaji wauliza: Nimechemsha makonyo, mafuta yako wapi?

Nilikeneka, yaani nilichemsha na kupoza mvuke ili nipate mafuta, kilo 40 za makonyo makavu (vikonyo vya karafuu) kwa saa nne. Nilipata maji meupe yenye harufu kali, lakini juu yake hakukuwa na mafuta hata tone. Kosa liko wapi? (Msomaji, Wete)

Umetazama juu, na mafuta ya karafuu huzama. Lita moja ya maji ina kilo 1. Lita moja ya mafuta haya ina kama kilo 1.05. Ikiwa maji hayo bado unayo, yatie kwenye chombo cha kioo yalale humo usiku kucha. Asubuhi utakuta tabaka la manjano limekaa chini. Ikiwa ulikuwa ukifungulia maji kwa koki ya chini ya ndoo, basi yaliyomwagika kwanza ndiyo mafuta yenyewe.

Ule weupe kama tui la mwisho ni mafuta yaliyokatika vitone vidogo mno. Mara nyingi hutokana na koili, yaani bomba la kupozea mvuke, iliyozamishwa kwenye maji yaliyokwisha kupata moto. Mafuta ya karafuu yakiwa ya moto, uzito wake hukaribia ule wa maji, na viwili hivyo havitengani upesi. Chovya kidole panapodondoka: yawe vuguvugu, yasiunguze. Yakiunguza, ongeza maji baridi kwenye pipa la kupozea au punguza kuni.

Chombo cha kupokelea kiwe kirefu na chembamba, cha kioo au chuma cha pua. Matone yaingie kwa faneli yenye shingo ndefu inayofika katikati, ili yasivuruge yaliyotulia. Maji yatokee kwenye tundu la juu, mafuta yafunguliwe kwa koki ya chini.

Halafu saa nne ni chache. Konyo ni gumu na mafuta yake yamefungiwa ndani. Yaponde yapasuke tu, yasiwe unga, maana unga hushikana bonge na mvuke hutoboa njia moja ukaacha sehemu nyingine kavu. Hesabu saa nane au zaidi. Kila nusu saa kinga glasi moja ya kinachotoka: vitone vikiwa haba, zima moto. Kwa kilo 40 tarajia asilimia 5 hadi 6, yaani kilo 2 hadi 2.4 za mafuta. Karafuu kavu zenyewe hutoa asilimia 15 au zaidi, lakini mwenye karafuu nzuri huziuza zilivyo. Kile kiwanda cha mafuta ya karafuu cha Wawi, Chake Chake, Pemba, hakikuitwa kiwanda cha makonyo bure.

Jambo moja wengi hawalijui: maji yanayotoka pamoja na mafuta yasimwagwe. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huyeyuka kwenye maji kiasi cha gramu 2 na ushei kwa lita. Ukimwaga lita 50 umemwaga zaidi ya gramu 100. Yarudishe kwenye pipa la kuchemshia. Utaokoa mafuta na pipa halitakauka.

Kilo 10 za mchaichai zimenipa vijiko viwili tu vya chakula. Nimeambiwa pipa langu ni bovu. (Msomaji, Muheza)

Aliyekuambia hajapiga hesabu. Mchaichai mbichi hutoa kama asilimia 0.3 hadi 0.4, na mafuta yake ni mepesi kuliko maji. Kilo 10 zingekupa mililita 35 hadi 45. Vijiko viwili ni 30. Umekosa kidogo tu, na hicho kidogo huenda kimepotelea kwenye upangaji.

Majani yaache yanyauke kivulini siku moja, yakatwekatwe vipande vya kidole, yashindiliwe sawasawa hasa pembeni, kwa kuwa mvuke hupenda kupanda ukutani. Kwa pipa la lita 200, weka wavu sentimita 25 kutoka chini na maji yafike sentimita 15, karibu lita 38. Majani yasiguse maji. Yakigusa na maji yakapungua, yataungua chini na mafuta yote yatanuka moshi. Harufu hiyo haitoki tena. Pipa likitoa lita 6 kwa saa, ndani ya saa tatu umetumia lita 18, na kwa mchaichai saa mbili hadi tatu zinatosha. Mfuniko uzibe kwa unga wa ngano uliokandwa. Ukisikia harufu ya mchaichai jikoni, ujue inavuja.

Hapa chombo cha kupokelea hugeuzwa: mafuta huelea, maji hutolewa chini kwa bomba lililopinda kwenda juu.

Mafuta yangu ya karafuu yamekuwa meusi, na kifuniko cha chupa kimelainika. (Msomaji, Mkoani)

Weusi unatokana na chuma: yujenoli ikikutana na pipa lenye kutu hubadilika rangi. Tumia chuma cha pua, hasa kwenye koili na chombo cha kupokelea. Mafuta haya pia hula mpira na plastiki nyingi, kwa hiyo hifadhi kwenye chupa za kioo cheusi, zijazwe hadi shingoni. Yasipakwe mwilini wala kwenye fizi bila kuchanganywa, huunguza.

Naweza kukeneka asumini kama mchaichai? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Ua la asumini lina mafuta haba, na moto huharibu harufu yake. Wanaotengeneza manukato huyatoa kwa vimiminika kama heksani, kazi isiyofaa kufanywa nyumbani kwa kuwa mvuke wake hulipuka. Kuloweka maua kwenye mafuta ya nazi, ukibadilisha maua kila asubuhi kwa siku kadhaa, kutakupa mafuta ya nazi yanayonukia. Ni mazuri kwa nywele, lakini usiyauze kwa jina la mafuta halisi ya asumini.