Mchele wa Kyela kila mtu anao, cha kwako ni kipi?

Dada umeuliza utafanyaje wateja wakukumbuke wakati soko zima la Mwanjelwa, Mbeya, vibao vinasema mchele wa Kyela. Mi naona shida iko hapohapo, Kyela ni jina la wote, cha kwako ni sura yako na kauli yako. Chagua jina moja, hata kama ni lile la Mama Nani wanalokuita mtaani, litumie hilohilo kwenye kibao, kwenye mfuko, wasapu, Instagram na tafadhali sana mpaka kwenye lipa namba, maana mteja wa Dar anataka kulipia gunia akaona linatokea jina la mtu mwingine kabisa anasita, na akisita umeshampoteza huyo.

Alafu kuwa yule anayesema ukweli. Mchele ukiwa wa Mbarali sema wa Mbarali, una chenga sema una chenga, ukiwa mpya waambie kabisa wapunguze maji wasije wakapika bokoboko wakakulaumu. Rekodi video fupi unapepeta huku unaongea kawaida yako, Kinyakyusa kikichomoza kiache tu, watu wanapenda mtu halisi jamani!

Jina likishazoeleka kasajili BRELA, wale wakala wa serikali wa kusajili biashara, ni mtandaoni tu, ila jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili, nembo inalindwa na hiyo ya pili, miaka 7 ya kwanza kisha unahuisha kwa 10. Kwa sasa anza na mifuko yenye jina na namba ya simu.