Usizibe kila mwanya: nilivyoikalafati sakafu ya mkulo

Nyumba ya marehemu baba iko Lushoto, juu kidogo ya mji, na vyumba vyake vitatu vina sakafu ya mbao. Ni mbao ndefu za mkulo, mti wa milima yetu ya Usambara, zimepigiliwa misumari juu ya boriti, na chini yake pana uwazi ambao paka wa jirani hupita akiwinda. Tulipokuwa wadogo kila kilichodondoka kilikwenda na maji: shanga, njegere, ncha za penseli. Nyumba ilipoangukia mikononi mwangu mianya ilikuwa imepanuka kiasi kwamba Juni na Julai, ukungu ukishuka, upepo ulipanda kutoka chini ukakupata vifundoni, na mkeka ukawa unainuka pembeni kama unaopumua.

Nikasema nitaziba. Nikaziba vibaya.

Ilikuwa Februari, jua kali, mianya imeachama. Fundi niliyempata aliniambia tununue puti ya mbao, tujaze kila mahali, tupige msasa, tupake vanishi, na nitasahau kama kulikuwa na mianya. Makopo matano yaliisha chumba cha kwanza tu. Kwa kweli ilipendeza. Nilipiga picha, nikawatumia ndugu, kila mtu akasifu.

Masika yakaingia. Kwenye katikati ya Aprili, usiku, nikasikia mlio chumba cha mbele: ta! Nikadhani ni bati. Kesho yake nikaona ubao mmoja karibu na dirisha umeinuka, misumari imeng'oka nusu, na puti imesukumwa juu ikafanya tuta refu linalokwaruza kidole. Kiangazi kilichofuata ile puti ilikuwa imevunjikavunjika kama ukoko wa ugali. Nikawa nafagia vipande vyake kila asubuhi, na mianya iko palepale.

Kosa halikuwa la puti. Mbao, hata iwe na umri wa bibi yako, hunywa unyevu wa hewani na kuutema. Ikinywa hupanuka, ikitema husinyaa, na mwendo huo ni wa upana. Kwa urefu haiendi popote pa kuhesabika. Mbao zangu zina upana wa sentimita 15 hivi. Niliweka alama ya penseli kwenye mwanya mmoja nikaupima: Februari milimita 5, Mei milimita 3. Sasa jaza mwanya huo kitu kigumu wakati umeachama, halafu mvua inyeshe miezi mitatu. Hizo milimita mbili zinakwenda wapi? Zinainua ubao.

Aliyenifungua macho hata hakuwa seremala wa nyumba. Nilikuwa nimeshuka Tanga mjini, nikapita Deep Sea kununua samaki, nikamkuta mzee mmoja amepiga magoti ubavuni mwa mashua iliyovutwa juu. Mkono mmoja ameshika chembeu, mwingine nyundo, anatia kalafati, yaani anaingiza pamba kwenye maungio ya mbao yasivuje. Pamba ameisokota nyembamba, ameichovya mafuta, anaigonga kidogokidogo, tok tok tok, anasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka samaki, wako kule."

Nikamwambia nataka kujua kwa nini hatii gundi ngumu akamaliza kazi. Akacheka. Akasema chombo kikikaa juani mbao hukauka, kikirudi majini huvuja kwanza, halafu mbao huvimba zikaibana ile pamba, na kuvuja kukaisha. "Sasa zikikuta jiwe hapo katikati zitakwenda wapi? Zitapasuana." Nikamsimulia habari ya sakafu yangu na ule mlio wa usiku. Akaendelea kugonga, kisha akasema: "Hiyo nyumba yako nayo ni chombo. Itie kalafati."

Nilirudi Lushoto na roli mbili za kamba ya katani. Mkoa wetu ndio nyumbani kwa katani, sikuona sababu ya kuhangaika na pamba na mafuta ya kuchafua sakafu. Na hapa ndipo penye ufundi wenyewe, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwanza safisha mwanya. Nilichukua kipande cha msumeno wa chuma kilichokwisha meno, nikakipinda ncha kwa koleo kikawa kama kulabu, nikakivuta ndani ya kila mwanya kutoka ukutani hadi ukutani. Kazi ya siku mbili kwa chumba kimoja, na inatoa uchafu wa miaka: nta iliyoganda, mchanga, pini za nywele. Nilipata na senti kumi ya zamani ya shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati. Usiruke hatua hii, maana mchanga ukibaki ndani ni jiwe dogo, na umeshasikia maneno ya mzee wa Deep Sea.

Kisha fungua kamba. Kamba nzima ni nene mno kwa mianya mingi. Ukiisokotoa unapata nyuzi tatu, na unaweza kuongeza au kupunguza. Unachotafuta ni unene unaozidi mwanya kidogo tu, ili kamba ikae kwa kubanwa bila gundi. Rangi ya katani ni nyeupe mno kwenye mkulo uliokomaa, hivyo nililoweka nyuzi usiku kucha kwenye chai ya rangi nzito, isiyo na sukari jamani, sisimizi wa Lushoto hawana mchezo, nikazianika mpaka zikakauka kabisa. Kamba yenye maji ikikaukia ndani ya mwanya itanywea na kulegea.

Kuingiza, nilitumia patasi butu na nyundo ya mbao. Usigonge kwa nguvu. Lengo ni kamba ilale milimita moja au mbili chini ya uso wa ubao, isionekane kama mshono uliotuna. Na itie baada ya vanishi kukauka. Chumba cha kwanza nilitia kamba kabla ya vanishi, vanishi ikaingia ndani yake, ikakauka, nikawa nimetengeneza kijiti kigumu. Nilichekwa na mwanangu.

Sasa, si kila mwanya unastahili kamba. Ule ambao hata kadi ya benki haiingii, uache. Ninasema kweli, uache. Mianya myembamba ya aina hiyo masika hujifunga yenyewe, na ukijaza kitu ndani unatafuta kesi na mbao. Ule unaozidi milimita 8, au unaopanuka upande mmoja kama mdomo wa mamba, kamba itazama au itaonekana vibaya. Huo utie ufito wa mbao.

Ufito maana yake unachonga kipande chembamba kirefu, chenye umbo la kabari, kipana juu na chembamba chini, unakipaka gundi nyeupe ya mbao ubavu mmoja tu, unakigonga ndani, na gundi ikikauka unaparua kilichozidi kwa randa. Ubavu mmoja tu! Fundi wangu wa pili alitaka kupaka pande zote mbili ili "kishike vizuri." Ukifanya hivyo umegundisha mbao mbili kuwa moja, na zikisinyaa zitapasuka mahali pengine, pengine katikati ya ubao mzima. Kipande kishikamane na ubao mmoja, ubao wa pili uachwe utembee.

Mbao ya fito ni tabu nyingine. Mkulo ulikatwa sana Usambara enzi za viwanda vya mbao, na msitu wa Magamba sasa ni hifadhi, kwa hiyo usitafute mti. Tafuta kitanda. Mimi nilinunua mlango wa kabati uliokuwa umetupwa nyuma ya nyumba ya jirani, nikaupasua, nikapata fito za kutosha na rangi inayolingana, kwa sababu mbao ya zamani imeshaiva kama sakafu yenyewe. Utaujua mkulo ukiupiga msasa: chumba kizima kinanukia karafuu maiti. Shangazi yangu aliingia siku hiyo akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Matundu ni habari tofauti na mianya, na watu wengi huyachanganya. Tundu liko ndani ya ubao mmoja. Linatembea na ubao wake, halivutwi na mbao mbili. Hapo ndipo kijazio kigumu kina kazi. Kwa matundu ya misumari, zamisha msumari kwanza kwa kuugonga na msumari mwingine butu, kisha tengeneza kijazio chako mwenyewe: unga wa msasa wa mbao ileile, mwembamba kama unga wa sembe, uchanganywe na vanishi au gundi mpaka uwe kama uji mzito. Vumbi la msumeno halifai, chembe zake ni kubwa. Jaza kikizidi kidogo, kwa sababu kitanywea kikikauka, kisha msasa. Na jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Mchanganyiko wa gundi nyeupe ukikauka hauchukui rangi kama mbao, na baada ya vanishi utaona madoa.

Tundu kubwa, kwa mfano lile lililoachwa na bomba la zamani la maji, usilijaze puti hata ukiahidiwa nini. Nilikata eneo lake liwe pembe nne safi kwa patasi, nikachonga kipande cha mkulo kinacholingana, nyuzi zake zikielekea upande mmoja na nyuzi za ubao, nikakipachika kwa gundi. Jicho la mgeni halikioni. Ukikizungusha nyuzi zikaenda kinyume, kitaonekana toka mlangoni.

Na kabla ya kujaza tundu lolote dogo la mviringo, liangalie kwa tochi. Gonga pembeni kwa mpini wa bisibisi. Unga mpya mweupe ukidondoka, hilo ni tundu la dumuzi, na aliyelitoboa huenda ana ndugu bado wako kazini. Tia dawa ya mbao kwanza, subiri, uangalie kama unga unarudi. Bisibisi ikizama kwenye ubao kama kwenye muhogo uliochemshwa, usihangaike na kujaza. Ng'oa ubao, tazama boriti chini, tafuta maji yanatoka wapi. Chumba cha nyuma nilikuta bomba la bati limekatika, mvua yote ya paa inamwagikia chini ya sakafu. Hapo tatizo lilikuwa paa.

Wale walioniuliza kuhusu sakafu za vibao vidogo, zile za muhugu au mvule zilizopangwa kama mgongo wa samaki na kubandikwa kwa lami juu ya zege, kama nyumba nyingi za zamani za Nairobi: kamba si yenu. Kibao kidogo hutembea kidogo, na mianya ni mingi na myembamba, kwa hiyo ule uji wa unga wa msasa na vanishi, ukipakazwa chumba kizima kwa bapa la chuma, unakaa vizuri. Ila kwanza kanyaga kila kibao. Kinachocheza kikong'olewe na kubandikwa upya, maana kujaza pembeni mwa kibao kinachocheza ni kupoteza unga. Gundi nyeupe haishiki juu ya lami, tafuta gundi inayokubaliana nayo. Na ile lami nyeusi usiipige msasa. Mahali pengine gundi za aina hiyo za zamani zilichanganywa na asbesto. Wenye mvule wajue pia kwamba mafuta yake huchelewesha vanishi kukauka, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa.

Jambo moja la hatari nililojifunza kwa bahati. Baada ya kazi nilipaka mafuta ya linsidi kwenye kingo, nikavirundika vitambaa vilivyolowa kwenye ndoo, nikaenda kula. Niliporudi kuvichukua vilikuwa vya moto, moto wa kuunguza mkono, na hakuna aliyewasha kitu. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalifungia joto ndani mpaka kinashika moto chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vizamishe kwenye maji. Nyumba yenye sakafu ya mbao haitaki mzaha huo.

Kama unaanza, anza kwa penseli. Weka alama mianya mitatu au minne, pima Februari, pima tena Mei. Mimi sasa ni masika ya tatu tangu nitie katani. Kamba zimebanwa zikapanda kidogo mwezi wa tano, zikashuka zenyewe kiangazi. Mbili zilichomoka karibu na mlango wa jikoni, pale watu wanapoburuta viti, nikazirudisha kwa patasi ndani ya dakika kumi. Kona ya dirishani, pale ubao ulipoinuka ile mara ya kwanza, bado kuna tundu la msumari ulionyofoka na kupasua mbao. Nimelifunika kwa stuli. Jirani ameniambia mama mkwe wake anauza kitanda.