Mwanangu, dakika kumi zinatosha

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Unasema kila Jumamosi unajifungia kwa saa tatu unachana mitindo huru, yaani unarapu papo kwa papo bila kuandika, na kila mara unakwama mstari wa tatu, sasa unaniuliza kama kipaji changu kilikupita. Hakikukupita. Kinachokuangusha ni hizo saa tatu.

Nusu saa ya kwanza maneno unayo. Baada ya hapo unarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi, na mdomo unazoea kurudia. Mimi ningekupa dakika kumi kila siku, na ndani yake kazi moja tu. Leo mdundo, kesho vina. Yote kwa pamoja ni mambo ya jukwaani.

Anza na mdundo. Tafuta biti ya mapigo 90 kwa dakika. Hapo mstari wa mapigo manne hauchukui hata sekunde tatu, kwa hiyo ule muda wa kufikiri kwanza ndipo useme haupo. Wiki ya kwanza taja tu vitu unavyoviona, mlango, kikombe, kivuli cha pazia, bila vina wala maana, mradi usitoke kwenye pigo. Utajiona mjinga. Endelea.

Kwenye vina nina maneno mengi, nivumilie. Kiswahili kinatudekeza. Karibu kila neno linaishia kwa irabu, basi "kimbia", "angalia" na "fikiria" zinajipanga zenyewe na mchanaji anadhani amefanya kazi. Kufika mstari wa nne msikilizaji ameshachoka. Tafuta kina kinachoanzia silabi ya pili kutoka mwisho, pale penye mkazo, na uchanganye aina za maneno: "hoja", "ngoja", "pamoja". Kisha utunge kinyumenyume. Chagua kwanza neno la kufungia mstari wa pili, tuseme "hoja", ndipo uanze mstari wa kwanza ukielekea "ngoja". Mdomo uko mstari huu, akili imeshatangulia mwisho wa unaofuata. Ndiyo maana unakwama wa tatu: wa pili umekula akili yote, unafika pale mikono mitupu.

Ukikosea, usisimame. Ukikata biti kila unapoteleza, utakuwa hodari wa kuanza upya na si zaidi ya hapo. Ziba pengo kwa kauli fupi, usonge. Ila usiwe kama mimi. Yangu ilikuwa "sikia nikwambie", na siku moja wenzangu tuliokuwa tunachana nao duara wakaanza kuihesabu kwa sauti. Walifika tisa. Nilikuwa na mimba yako, nikaisingizia.

Jirekodi kila siku, lakini usisikilize siku hiyo hiyo. Mwaka 2012 watafiti huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za ubongo wachanaji 12. Walipochana papo kwa papo, baadhi ya sehemu za mbele za ubongo, zile zinazohusishwa na kujisimamia, zilitulia kuliko walipochana mistari waliyoikariri. Nilipoisoma nilicheka, maana tulikuwa tukiambiana vivyo hivyo bila mashine: ukijisikiliza, umekwisha. Hakimu aje kesho asubuhi, asikilize dakika moja tu, achague kosa moja. Hilo ndilo liwe kazi ya dakika kumi zinazofuata.

Na ile mistari unayoiandika usiku si dhambi, mwanangu. Iandike. Usiichomeke tu humu ukajidanganya kwamba imekuja yenyewe, mimi nitajua.

Nakupa neno: "kizingiti". Liwe la mwisho, mstari wa nne. "Kiti" na "miti" usiniletee, hivyo ni vya bure. Nitumie sauti, usiniandikie.

Mama yako